Baba wa mtoto anafanya kazi gani?

Kati ya siku ya 18 na ya 28 baada ya mimba kutunga, ubongo wa mbele wa kiumbe kilicho tumboni hupasuka pande mbili, kama punje ya haragwe inavyopasuka inapoota: upande wa kulia na upande wa kushoto. Kiumbe chenyewe hakijafika hata milimita 5. Mama wa Katuba au wa Kampemba, hapa Lubumbashi, mji wa migodi huko Kongo, wakati huo, amechelewa kuona siku zake kwa siku nne au tano, wiki mbili zikizidi sana. Pengine anasingizia malaria, au uchovu wa kuuza sokoni. Kadi ya CPN, yaani kliniki ya wajawazito, hajaichukua. Wengi wataichukua mwezi wa nne au wa tano, tumbo likishaonekana.

Mpasuko huo usipofanyika, au ukiishia njiani, ubongo unabaki donge moja. Jina la hospitali ni holoprosensefali. Na kwa kuwa ubongo wa mbele na sehemu ya katikati ya uso hujengwa kwa wakati mmoja na kwa ishara zilezile, uso nao hausalimiki. William DeMyer na wenzake huko Marekani waliandika mwaka 1964 kwamba uso hutabiri ubongo, na hadi leo daktari anaanzia hapo. Katika hali kali kabisa macho mawili yanaungana kuwa moja katikati, na pua inakuwa kijimkonga kilichoota juu ya jicho hilo. Katika hali za kati macho yanakaribiana mno, pua ina tundu moja, au mdomo wa juu umepasuka katikati. Katika hali nyepesi mtu anaweza kuishi hadi uzeeni bila kujua, akiwa na alama moja tu, jino moja la mbele lililokaa katikati kabisa pale ambapo wengine tuna mawili.

Watafiti wanakadiria kwamba hali hii hutokea kwa kiinitete kimoja katika kila 250. Ni nyingi kuliko mtu anavyodhani. Lakini karibu zote hutoka zenyewe mimba ikiwa changa, na mama anaambiwa tu kwamba imeharibika. Wanaofika kuzaliwa ni kama mmoja katika kila watoto 10,000, pengine pungufu kidogo. Mwenye jicho moja hufa baada ya dakika au saa chache. Wale ambao ubongo wao haukugawanyika hata kidogo lakini uso haukufika huko, karibu nusu yao hawamalizi miezi mitano. Hakuna upasuaji wa kuugawa ubongo baadaye.

Watoto hawa huzaliwa Tokyo, huzaliwa Paris, huzaliwa Dar es Salaam. Huzaliwa pia Lubumbashi, na mimi nina neno moja tu juu ya namna tunavyowapokea hapa: maswali yetu yote tunampa mama, wakati ushahidi mdogo uliopo, na uliopatikana katika mji huuhuu, unatuambia twende pia kumuuliza baba, tumuulize mwenye mgodi, na majibu yaandikwe mahali.

Maswali yenyewe tunayajua. Mama mkwe ndiye anayefungua. "Ulikulaka nini?" Pemba, ule udongo mweupe ambao wanawake wengi wenye mimba wanaununua sokoni, unatajwa mapema. Kisha dawa za kienyeji, kisha mwanaume mwingine, kisha deni la ukoo lisilolipwa. Kufika jioni kuna mtu amekwisha kusema neno ulozi, na kesho yake kuna pasta wa kanisa la uamsho anayejua jina la mlozi. Mtoto anazikwa na bibi wawili watatu, hakuna kilio cha siku kadhaa, viti havikodiwi. Mama mwenyewe mara nyingi hakuonyeshwa. Alisikia chumba kimenyamaza, akaona kitenge kinafunikwa haraka, na kuanzia hapo anajenga picha kichwani mwake ambayo huenda ni mbaya kuliko uso wenyewe.

Swali la pemba si la kijinga. Udongo unaweza kubeba risasi na metali nyingine, na mama mjamzito angefanya vizuri kuuacha. Ninacholalamikia ni sauti ya mashtaka. Mwanamke anaulizwa kuhusu mwezi wa saba, alipogombana na wifi yake, alipopita makaburini, alipokataa kwenda maombi, na mwezi wa saba hauna uhusiano wowote na jambo hili. Kazi ilikwisha kuharibika ndani ya siku kumi ambazo hata yeye alikuwa bado hajui kama ana mimba. Hakuna mwanamke anayeweza kuchunga kitu ambacho hajui kama anacho.

Siku hizi kuna adhabu nyingine juu ya ile ya wakwe. Simu. Mtu aliyekuwa chumbani, au aliyepita mlangoni, anapiga picha, na kabla mama hajashonwa picha iko kwenye WhatsApp na maelezo ya kishetani chini yake. Nimezipokea picha hizo kutoka kwa watu wazima, wenye elimu, waliozituma kwa nia ya "kuombea mji". Picha zinapigwa, basi, ila zinakwenda kwenye makundi ya simu badala ya kwenda kwenye faili.

Maana faili halipo. Kitabu cha uzazi nilichoonyeshwa katika materinite (hospitali ya uzazi) moja ya mjini ni daftari kubwa la jalada gumu, mistari imepigwa kwa rula na kalamu nyekundu. Jina la mama, umri, anwani, mimba ya ngapi, saa ya kujifungua, jinsia, uzito, mtoto hai au mfu. Safu ya mwisho ni ya maoni, upana wake vidole viwili. Katika safu hiyo, kwenye ukurasa mmoja, mkunga aliandika neno moja tu kwa Kifaransa, kwamba mtoto ana ulemavu. Ulemavu gani? Kichwa, mgongo, miguu, tumbo lililofunguka? Haijaandikwa, na mkunga aliyekuwa zamu siku ile amekwisha kuhamishwa. Safu ya baba ina jina lake. Kazi yake haina safu.

Sasa tuweke jambo hilo kando ya hili lingine. Mwaka 2020 jarida la Lancet Planetary Health lilichapisha utafiti uliofanyika hapa Lubumbashi kati ya mwaka 2013 na 2015. Daan Van Brusselen, Tony Kayembe-Kitenge, Célestin Banza Lubaba Nkulu, Benoit Nemery na wenzao, kutoka Chuo Kikuu cha Lubumbashi na vyuo vya Ubelgiji, waliwachukua watoto 138 waliozaliwa na ulemavu unaoonekana kwa macho, wakawalinganisha na watoto 108 wasio na ulemavu. Walipima metali katika mkojo wa mama, katika damu ya kitovu, katika kondo la nyuma. Waliuliza maswali mengi. Na kati ya yote waliyouliza na kuyapima, jambo lililoambatana na ulemavu kwa nguvu kuliko mengine lilikuwa kazi ya baba. Baba akiwa na kazi ya madini, uwezekano wa mtoto kuwa katika kundi la wenye ulemavu uliongezeka mara 5.5.

Namba hiyo inahitaji heshima na inahitaji tahadhari, na mji huu umeinyima vyote viwili. Wapo walioikamata kama bango: kobalti inaua watoto wa Katanga. Ni sentensi inayouzika vizuri ng'ambo, hasa ikipambwa na picha ya betri ya gari la umeme. Lakini utafiti haukusema hivyo. Mpaka wa chini wa makadirio yake ni 1.2 na wa juu ni 25.0, maana yake idadi ya watu waliochunguzwa ilikuwa ndogo na ukweli unaweza kuwa karibu na mpaka wowote kati ya hiyo miwili. Ulemavu wa aina zote zinazoonekana uliwekwa kapu moja. Holoprosensefali ilikuwa sehemu yake tu. Na metali zenyewe, zilipopimwa kwa mama, hazikutofautisha vizuri kundi moja na lingine, isipokuwa manganizi na zinki katika damu ya kitovu. Mtu anayetaka kushitaki kampuni kwa karatasi hiyo peke yake atarudishwa mlangoni.

Kuna pia wale wa upande wa pili, wenye mashati yaliyopigwa pasi, wanaosema hakuna kilichothibitishwa na kufunga mkutano. Hao nawaonea shaka zaidi. Utafiti huohuo ulisema kwamba viwango vya metali kwa akina mama wa Lubumbashi, wote, wenye watoto wazima na wenye watoto walemavu, ni kati ya vya juu kabisa kuwahi kuripotiwa kwa wanawake wajawazito. Tafuta maana ya hapo. Ikiwa kila mtu mjini amejaa metali, basi kulinganisha mama na jirani yake hakutaonyesha tofauti kubwa, kwa sababu jirani naye amejaa. Kazi ya baba inaweza kujitokeza kwa sababu ndiyo inayoongeza juu ya kile ambacho wote tunacho tayari.

Na tunacho kweli. Mji ulianzishwa mwaka 1910 kwa sababu ya shaba, na tanuru ikaanza kuyeyusha mwaka uliofuata. Bomba lake la moshi na mlima wa mabaki meusi ndiyo alama ya mji wetu, tunaipiga picha kwenye kadi za posta. Upande upepo wa tanuru ulikoelekea kwa miaka, kule Penga Penga, miti ya miombo ilikufa na udongo ukabaki wazi, umejaa shaba, risasi na kadmi. Ruashi ina mgodi ubavuni mwa nyumba. Mwaka 2009 Banza na wenzake walipima mikojo ya watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga, watu wa kawaida wakiwemo watoto, wakakuta kobalti kwa kiwango ambacho hakikuwahi kuripotiwa kwa raia popote duniani. Mwaka 2018 timu hiyohiyo ilionyesha Kasulo, mtaa wa Kolwezi uliogeuka mashimo, kwamba watoto wanaoishi juu ya vumbi hilo wana dalili za kuharibika kwa DNA. Akina mama wa Lubumbashi wenye presha ya mimba walikutwa na risasi nyingi zaidi katika damu kuliko wenzao wasio nayo. Karatasi baada ya karatasi, na nyingi zina jina la mtu wa Lubumbashi juu yake.

Kazi ya baba inamfikiaje mtoto? Njia mbili zinazungumzwa. Ya kwanza ni vumbi. Krezeri, yaani mchimbaji mdogo wa mikono, anarudi nyumbani na buti zilezile, koti lilelile, na wengine wanalala na mifuko ya mawe chumbani wakisubiri bei ipande. Mke anafua nguo hizo kwa mikono, anakung'uta kwanza. Ya pili ni mbegu za baba zenyewe, kwamba metali zinaharibu chembe za urithi kabla mimba haijatunga. Hakuna iliyothibitishwa kwa watoto wa hapa. Lakini angalia jambo la ajabu: katika njia zote mbili mama hana kosa hata moja, na katika njia zote mbili hakuna anayemuuliza baba. Yeye amesimama nje kwenye geti la materinite, anapokea pole za rafiki zake kwa kuwa ameoa vibaya.

Wanasayansi wa Lubumbashi hawakuishia kwenye utafiti huo mkubwa. Mwaka 2019 Kayembe-Kitenge na wenzake walichapisha mfululizo wa visa vya holoprosensefali kutoka eneo hili lenye uchafuzi wa migodi, na baadaye kisa cha mtoto aliyezaliwa bila taya la chini, masikio yakiwa yameshuka hadi karibu na shingo, hali ambayo ni adimu kuliko hata hii tunayoizungumzia na ambayo nayo haina pona. Mtu anaweza kuuliza, visa viwili vitatu vinasaidia nini? Vinasaidia kwa sababu ni adimu. Ulemavu unaotokea mara nyingi ukiongezeka kidogo hakuna atakayeona. Ule ambao mkunga anatakiwa kuuona mara moja tu katika maisha yake ya kazi, akiuona mara tatu, kuna kitu.

Ndivyo ilivyokuwa kwa talidomidi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 dawa hiyo ya usingizi na kichefuchefu iliuzwa Ujerumani na nchi nyingine nyingi, na watoto zaidi ya 10,000 wakazaliwa na mikono na miguu iliyokatika njiani. Mwaka 1961 Widukind Lenz huko Hamburg na William McBride huko Australia waliunganisha ulemavu na dawa. Wangeweza kuchelewa sana kama ulemavu ule ungekuwa wa kawaida. Waliona kwa sababu mikono ya namna ile ilikuwa karibu haionekani kabisa hapo awali. Nchi nyingi zilianza kuandikisha ulemavu wa kuzaliwa baada ya hapo, kwa aibu, na Ulaya ikaunganisha daftari zake mwaka 1979.

Holoprosensefali yenyewe ina hadithi yake, na ni ya kondoo. Miaka ya 1950, kwenye malisho ya milimani huko Idaho, Marekani, wana-kondoo walianza kuzaliwa na jicho moja. Wafugaji walilalamika, na Wizara ya Kilimo ikapeleka watu wakae nao. Ilichukua miaka, na jibu likawa mmea, Veratrum californicum. Kondoo jike akiula siku ya 14 ya mimba, mtoto anazaliwa na jicho moja. Akiula wiki moja baadaye, jicho moja halitokei. Kemikali iliyomo ndani ya mmea ilipewa jina la saiklopamini. Mwaka 1996 maabara zilionyesha kwamba panya aliyeondolewa jeni moja, ile inayoitwa Sonic hedgehog, anazaliwa na jicho moja, na mwaka huohuo jeni hiyo ikakutwa imeharibika katika familia za watu wenye holoprosensefali. Miaka miwili baadaye ikajulikana kwamba saiklopamini huzima ishara za jeni hiyohiyo. Kutokana na elimu hiyo ikaja dawa ya saratani moja ya ngozi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2012. Mlolongo mrefu, na mwanzo wake ni mfugaji aliyejua kondoo gani alipandwa siku gani na alichunga upande gani wa mlima.

Samahani kwa kusema hivi, lakini wale kondoo waliandikwa vizuri kuliko watoto wetu.

Hesabu nayo inadai daftari. Chukua materinite inayozalisha akina mama 2,000 kwa mwaka. Kwa kiwango cha mtoto mmoja kwa 10,000, itamwona mtoto wa namna hii mara moja katika miaka mitano. Wakija wawili katika mwaka mmoja, mkunga atashtuka, na ana haki. Lakini mji ukiwa na materinite 60 za ukubwa huo, moja hivi itapata wawili kwa mwaka kwa bahati mbaya tupu, bila sumu yoyote. Ndiyo maana mkunga mmoja hawezi kujua. Ndiyo maana pia kelele za WhatsApp hazijui. Ukizikusanya zote 60, unatarajia watoto 12 kwa mwaka. Wakija 14, ni mwaka tu. Wakija 40, hapo bahati haihusiki tena, na wenye mashati ya pasi watalazimika kujibu kwa namba zao wenyewe.

Sisemi kwamba kila kisa kitaelekea mgodini. Sehemu kubwa ya watoto hawa, kati ya robo na karibu nusu kulingana na utafiti, wana hitilafu ya kromosomu, hasa kromosomu ya 13 kuwa tatu badala ya mbili. Hilo hugunduliwa kwa kipimo ambacho materinite za mitaani hazina. Wengine wamerithi jeni kutoka kwa mzazi asiyejijua, na hapa kuna uchunguzi usio na gharama ambao sijui kwa nini haufanyiki: mwambie baba acheke, mwambie mama acheke. Mmoja akiwa na lile jino moja la katikati, familia hiyo inahitaji ushauri kabla ya mimba nyingine, kwa kuwa hatari ya kurudia inaweza kufika nusu kwa nusu ya kurithi jeni. Ni dakika moja ya kazi.

Halafu kuna kisukari, na hapa nataka kukaa kidogo kwa sababu ndiyo sababu iliyo wazi kuliko zote na tunayoipita kila siku. Mama mwenye kisukari kabla ya kushika mimba ana hatari ya takriban asilimia 1 ya kupata mtoto wa namna hii, yaani mara mia na zaidi ya mama mwingine. Sukari ikishushwa kabla ya mimba, hatari ya ulemavu inashuka nayo. Mji wetu umebadilika. Bukari, ugali wetu, bado ipo, lakini soda iko kila kona, na wanawake wa miaka 35 wenye kisukari hawashangazi tena. Ni wangapi wamewahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wapime sukari kabla ya kutafuta mtoto? Kipimo ni tone la damu kwenye kidole. Mama anapoteza mtoto wa kwanza, wakwe wanampeleka kwenye maombi, anashika mimba tena akiwa na sukari ileile. Hapo hakuna kampuni ya kulaumu, kuna sisi. Na daftari lenye safu ya sukari lingeonyesha jambo hilo haraka kuliko lingeonyesha kobalti.

Pombe pia inatajwa, na dawa kadhaa. Asidi ya foliki tunayopewa CPN ni nzuri kwa uti wa mgongo, ingawa nayo ili ifanye kazi yake lazima ianze kabla ya mimba. Kwa holoprosensefali sitaiahidi.

Swali la fedha. Sheria ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inailazimisha kampuni ya uchimbaji kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Sheria hiyohiyo inagawa mrabaha: nusu kwa serikali kuu, asilimia 25 kwa mkoa, asilimia 15 kwa serikali ya mahali mgodi ulipo, asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Vizazi vijavyo! Sitapata mahali pazuri zaidi pa kuomba karatasi, kalamu na mshahara wa watu wawili wa kuzunguka materinite kukusanya fomu. Tumezoea fungu la jamii lionekane, darasa lenye bango, kisima chenye jina la kampuni. Daftari halina uzinduzi, hakuna utepe wa kukata. Ndiyo sababu halijaandikwa katika makubaliano yoyote niliyowahi kusoma.

Lakini likiwepo lisikae kwa kampuni, hata kama ndiyo inayolipa. Likae kwa kitengo cha afya cha mkoa, na chuo kikuu kipewe nakala. Rafiki yangu daktari, tulipokuwa tunabishana juu ya jambo hili, alinipinga kwa hoja ambayo siwezi kuipuuza: mkunga anayezalisha usiku kucha, taa ikizimika akimulika kwa simu, ambaye marupurupu yake hayajafika tangu robo iliyopita, unamwongezea ukurasa mwingine wa kujaza? Ana haki. Ukurasa huo lazima uwe mfupi kuliko wanavyopenda watafiti. Mtoto anafananaje, kwa mchoro wa mwili ambao mkunga anauwekea alama tu. Familia inakaa mtaa gani. Baba anafanya kazi gani, na mama anafanya kazi gani, maana wanawake nao wanaosha mawe mtoni. Sukari ya mama. Dawa za miezi mitatu ya kwanza. Fomu kama hiyo haijai kurasa mbili, na haijazwi kila siku.

Picha ipigwe, mama akikubali, kwa simu ya kazi, na iingie kwenye faili lenye namba bila jina. Anayeituma nje afukuzwe kazi. Na mama aulizwe kama anataka kumwona mtoto, amefunikwa kofia vizuri, mikono ikiwa wazi. Wengi wanapoulizwa husema ndiyo. Mikono ya watoto hawa mara nyingi haina tatizo lolote, ni vidole kumi vya kawaida.

Wapo watakaosema daftari litaleta hofu. Hofu ipo tayari, inasambazwa kwa simu na kuuzwa kwa sadaka. Wengine wanahofia kwamba mume akisikia kazi yake imeandikwa atajua analaumiwa yeye sasa, na tutakuwa tumehamisha lawama kutoka kwa mke kwenda kwa krezeri asiye na kazi nyingine. Hilo nalichukulia kwa uzito. Baba aliyeshuka shimoni kutafuta ada ya shule hakuchagua vumbi. Aulizwe kazi yake jinsi mgonjwa anavyoulizwa amekula nini, ili ijulikane, na swali lake la pili liende kwa anayenunua mawe hayo: nguo za kazi zinafuliwa wapi, kuna bafu la kuogea kabla ya kurudi nyumbani, mifuko inalala wapi?

Mwaka wa kwanza daftari hilo halitatuambia chochote. Watoto watakuwa wachache mno, fomu nyingine zitarudi nusu tupu, na mtu wa gazeti atauliza fedha zimekwenda wapi. Mwaka wa pili vilevile. Inawezekana kwamba mwaka wa tano tukakuta kiwango chetu ni sawa na cha Ulaya, na holoprosensefali ya Lubumbashi ikawa ni kromosomu na sukari tu. Nitakubali, na nitaandika hivyo. Kwa sasa hatuwezi kukubali wala kukataa. Materinite zimefunguliwa usiku huu kama kila usiku, na daftari lililo mezani halina safu ya kazi ya baba.